Bi. Tryphena Wakesho na Nguzo ya Ghorofa za Bluu

Tarehe thelathini mwezi huu wa Juni, Bi. Tryphena Wakesho, Mkaguzi Mkuu wa Majengo katika ofisi yetu ya Voi, atastaafu baada ya kuutumikia umma kwa miaka thelathini na mitatu. Katika muda huo amekagua shule, maghala, makanisa, masoko na karibu kila jengo la ghorofa lililo kati ya Taveta na Maungu. Mengi ya majengo hayo bado yamesimama. Yasiyosimama yalibomolewa kwa amri yake. Mkaguzi hawezi kuomba rekodi nzuri zaidi ya hiyo.

Alizaliwa Ronge, ambako mashamba yamelala kwenye miteremko na kila mtoto hujifunza mapema kwamba udongo usioshikiliwa una safari zake. Alisomea ujenzi Mombasa, akarudi nyumbani na cheti, nyundo ndogo na tabia ya kutazama dari kabla ya kuwasalimu watu. Cheti kiko ofisini ukutani. Nyundo na tabia hajawahi kuviacha.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kukagua ghala la mahindi upande wa Chala. Aligonga ukuta wa nje kwa nyundo, na mwenye ghala, aliyekuwa ndani, akaitika "Karibu!" na kufungua mlango. Hakuona mtu, maana Bi. Wakesho alikuwa amezunguka nyuma. Aligonga tena, akakaribishwa tena. Mara ya tatu mzee yule alimfuata na kumwambia, "Dada, kama unaingia, ingia. Kama huingii, niache nipange magunia yangu."

Inafaa tueleze hapa kwamba kugonga si mchezo. Zege zima, likipigwa, hulia kwa sauti kavu na ya juu, kama jiwe juu ya jiwe. Zege lililoachana na vyuma vyake ndani husikika kama debe tupu. Sikio lililozoea hujua tofauti hiyo haraka kuliko jicho, kwa sababu rangi mpya inaweza kudanganya jicho lakini haijui kudanganya nyundo.

Shida ni kwamba sikio likizoea haliendi likizo. Katika harusi moja kule Mbololo, ambako Bi. Wakesho alikuwa mgeni wa kawaida mwenye zawadi yake ya sufuria, alisikika akigonga nguzo ya kanisa kwa kifundo cha kidole wakati maharusi wakila kiapo. Kwaya ilisita. Padre alimtazama. Bi. Wakesho aliinamisha kichwa kuashiria kwamba nguzo ni nzima, na ibada ikaendelea. Tunaambiwa ndoa hiyo nayo bado imesimama.

Hapa ofisini pia amefanya mageuzi bila kutoa amri. Alipohamia jengo letu la sasa, alitembea chumba kizima, akasikiliza kuta, kisha akaweka meza yake upande wa dirisha dogo lisilo na upepo. Wiki iliyofuata karani mmoja alisogeza meza yake karibu na ya Bi. Wakesho. Baada ya muda ofisi yote ilikuwa imejazana upande huo, na ule upande wenye hewa safi tumeuachia kabati za faili. Alipoulizwa mwaka jana, alisema alipenda tu kukaa karibu na soketi. Hakuna aliyerudisha meza yake.

Jambo moja lililomkera kazini ni methali. Sote tulifundishwa shuleni kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni ushauri mwema kwa maisha ya kawaida. Kwa mkaguzi ni balaa, kwa sababu watu wakisikia mkaguzi anakuja kesho, leo hununua plasta na kuziba kila ufa, kisha hupaka rangi, na mkaguzi akifika hukuta ukuta msafi unaocheka. Bi. Wakesho amelirudia neno hili katika kila semina: ufa ni ukuta unaoongea. Kwanza usikilize unasema nini, ndipo uzibe. Anayeuziba kabla ya kuusikiliza ameunyamazisha tu, na kinachonyamazishwa hakijapona.

Sasa tufike kwenye Ghorofa za Bluu, kwa sababu hakuna mtu katika ofisi hii anayeweza kumuaga Bi. Wakesho bila kuzitaja.

Ghorofa za Bluu ni jengo la orofa nne lililo ng'ambo ya reli, lililojengwa wakati wengi wetu bado tuko shuleni. Lilipakwa rangi ya bluu mara moja tu, na jina limedumu kuliko rangi. Kila fleti ina mwenyewe: walimu wastaafu, wafanyabiashara wa sokoni, watumishi wa serikali waliomaliza kazi na kuamua kwamba Voi inatosha. Ulipoanza utaratibu wa ukaguzi wa lazima kwa majengo makuukuu ya aina hii, lilikuwa miongoni mwa majengo ya kwanza kufikiwa.

Vijana waliojiunga nasi juzi huuliza kwa nini ukaguzi huu uwe wa lazima, ilhali mwenye nyumba ndiye anayepaswa kuijali nyumba yake. Jibu ni hili. Mtu akinunua fleti hununua vyumba. Ana hati yake na funguo zake. Lakini nguzo inayopita sebuleni mwake si yake peke yake. Ni ya wote wanaoishi juu yake. Paa ni la wote, ngazi ni za wote, msingi ni wa wote. Katika nyumba ya mtu mmoja, paa likivuja mwenyewe hulowa, na akilowa huliziba. Katika jengo lenye wenyewe wengi, paa likivuja hulowa yule wa juu kabisa, na wengine humpa pole. Si kwamba ni watu wabaya. Kila mmoja anamsubiri mwenzake aanze, na zege halina subira hiyo.

Katika ziara yake ya kwanza, Bi. Wakesho alikuta ufa mwembamba kwenye nguzo ya kona, orofa ya chini, ndani ya sebule ya Mzee Muinde. Mzee huyu alikuwa mtunza stoo wa serikali hadi alipostaafu. Ni mtu wa asili ya Mutomo, mjane, mwenye kiti kimoja kizuri na msimamo mmoja maishani: kitu ulichokabidhiwa kizima, kirudishe kizima.

Ufa peke yake hauna habari kamili. Kuna ufa uliotokea zamani ukatulia, na kuna ufa unaotembea. Ili kujua, mkaguzi hubandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa, nusu upande huu na nusu upande ule, kwa plasta nyeupe, na kuandika tarehe pembeni. Kioo hakivutiki. Ufa ukisogea hata kwa unene wa unywele, kioo hupasuka. Ukitulia, kioo hubaki kizima. Ni kifaa rahisi kuliko vyote tulivyo navyo, na hakihitaji betri.

Bi. Wakesho alibandika kioo chake, akamwambia Mzee Muinde, "Mzee, hiki ni kifaa cha serikali. Nakuachia ukitunze." Baadaye alikiri kwamba angeweza kuyachagua maneno hayo vizuri zaidi.

Alirudi baada ya miezi kadhaa. Kioo kilikuwa kizima. Alirudi tena baada ya mvua za vuli. Kioo kilikuwa kizima, kinang'aa, na tarehe yake pembeni ikisomeka vizuri. Katika ziara ya nne, Jumatatu moja, alikikuta vilevile, na alikuwa tayari kuandika kwamba nguzo ya kona imetulia. Mzee Muinde alikuwa amemwandalia chai. Bi. Wakesho alimshukuru kwa kutunza kioo vizuri namna ile, na shukrani ikamgusa mzee.

"Si kazi rahisi, Madam," alisema. "Hiki ni cha sita."

"Cha sita vipi, Mzee?"

"Wewe ulibandika kimoja. Kikapasuka. Nikasema, huyu mama ameniamini na mali ya serikali, atakuta vigae? Nikaenda kwa fundi wa madirisha pale sokoni, akanikatia kingine saizi ileile. Nikabandika. Hicho nacho kikapasuka. Nimeendelea hivyo hivyo. Hata tarehe nimeiandika kama ulivyoiandika wewe, na ile saba yako yenye mkia."

Wengine wangepiga kelele. Bi. Wakesho alimaliza chai yake. Amewahi kutueleza kwamba mtu hapewi habari nzito akiwa ameshika birika. Alipoweka kikombe chini, aliuliza swali moja ambalo lingeweza kumpita mtu mwenye hasira: vioo hivyo vilikuwa vikipasuka lini?

Mzee Muinde alijibu bila kufikiri, kwa sababu jambo hilo lilikuwa limemuudhi kwa muda mrefu. "Ni maji yakija. Jumatano yakifunguliwa, kuna Alhamisi nikiamka kioo kimekwenda. Ni hawa watoto wa Mumbe wa orofa ya tatu. Wakiona maji wanafurahi, wanashuka ngazi kama mbuzi waliofunguliwa zizi. Jengo linatetemeka. Nimewakataza kukimbia."

"Na waliacha kukimbia?"

"Waliacha. Siku hizi wanatembea kama wanakwenda kupokea komunyo."

"Na kioo?"

"Kioo kiliendelea," alisema.

Bi. Wakesho alipanda juu ya paa. Anayeishi Voi anajua tabia ya maji yetu: huja siku yake, na siku nyingine unaishi na ulichoweka. Paa la Ghorofa za Bluu lilichorwa kubeba tangi moja na nguo za kuanika. Lakini kila mwenye fleti, kwa miaka na miaka, alikuwa amepandisha tangi lake mwenyewe, kwa sababu hakuna aliyemwamini jirani na maji. Na yote yalikuwa yamewekwa kona moja, kwa sababu bomba linalopanda juu liko kona hiyo. Tufanye hesabu ya shule ya msingi. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Tangi la lita elfu moja, likijaa, limebeba tani nzima, uzito wa gari dogo. Kila Jumatano wakazi wale walikuwa wakiegesha msururu wa magari madogo juu ya kona moja ya nyumba yao, kisha wakiyashusha taratibu hadi Jumanne. Chini ya kona hiyo ilikuwa sebule ya Mzee Muinde. Watoto walikuwa wamesingiziwa.

Aliposhuka, alimweleza mzee yote hayo. Hakumlaumu. Mzee alisikiliza hadi mwisho, akaitazama nguzo, kisha akauliza jambo lililokuwa likimkaa rohoni tangu siku ya kwanza mkaguzi alipopiga hodi.

"Utaweka ile alama?"

Alama aliyoisema kila mmoja wetu anaijua: ile X nyekundu. Jengo likipigwa X watu hutoka, na wakishatoka hutawanyika kwa ndugu na kwa nyumba za kupanga, na jengo lisilo na watu halikarabatiwi na mtu. Kwa wenye fleti wengi ingekuwa hasara kubwa. Kwa Mzee Muinde ingekuwa mwisho wa mambo. Alikuwa ameuza shamba lake la Mutomo ili anunue vyumba vile viwili.

"Ukiiweka nitakwenda wapi, Madam? Kule nilikotoka kuna mtu mwingine sasa. Amepanda ndimu."

Bi. Wakesho hakumwahidi chochote. Alimwambia, "Nikiiweka, Mzee, utakuwa hai ukinilaumu." Ni maneno makavu, lakini tunaomjua tunajua kwamba aliyasema kwa upole. Jioni hiyohiyo alimwomba mzee asilale tena katika chumba kile, na mzee akapewa kitanda na jirani wa upande wa pili wa jengo.

Kisheria alikuwa na njia mbili: kufunga jengo, au kuondoa hatari. Njia ya pili inakubaliwa tu kama hatari inaweza kuondolewa mara moja. Mhandisi wa ofisi yetu alipiga hesabu, na hesabu ikasema kwamba matangi yakiwa matupu nguzo inahimili, na ikisaidiwa na vyuma vya kuegemeza itahimili vizuri. Matangi yakijaa, hakuna aliyekuwa tayari kutia sahihi. Maji yalikuwa yaje keshokutwa. Kwa hiyo wenye fleti wote walipaswa kukubali, kabla ya Jumatano asubuhi, kwamba hakuna atakayejaza tangi juu ya paa. Akikataa hata mmoja, rangi nyekundu ingetoka kwenye gari.

Mkutano uliitwa Jumanne alasiri. Mwenyekiti wa wenye fleti, Mwalimu Zephaniah, alipendekeza ukae uani, kwenye kivuli na upepo. Bi. Wakesho alisema utakaa sebuleni kwa Mzee Muinde. Asubuhi mafundi walikuwa wamesimamisha vyuma vya kuegemeza pande zote za nguzo, hivyo chumba kilikuwa kinafanana na ghala la mabomba. Yeye mwenyewe alipanga viti, mstari wa mbele ukiwa umegusana na nguzo. Kisha alikaa kiti kimoja cha mstari huo, akatoa chupa yake ya chai, akasubiri.

Wa kwanza kuzungumza alikuwa Mumbe wa orofa ya tatu, mama wa wale watoto, mfanyabiashara wa ndengu na kunde, na mwenye tangi kubwa kuliko yote.

"Madam, mimi nimekuheshimu. Lakini unakuja Voi unatuambia tusichote maji siku ya maji? Si ungetuambia tu tusipumue, tujue moja."

Watu walicheka. Mwalimu Zephaniah aliona upepo unavuma upande wake, akaongeza ya kwake. "Jengo hili, Madam, limesimama tangu mimi nikiwa na nywele."

"Na nywele nazo zilisimama, Mwalimu," alisema Bi. Wakesho, "hadi siku zilipoanguka."

Walicheka zaidi, Mwalimu pia, lakini hawakulegea. Mmoja alisema ufa ni wa plasta tu. Mwingine alisema wakaguzi kazi yao ni kutisha. Mumbe alisema hawezi kushusha tangi lake halafu aende kuomba maji kwa mtu ambaye mwaka jana walikosana kwa ajili ya kamba ya nguo. Wote walikubaliana kwamba jengo ni imara, tena imara kabisa, na waliojenga zamani hawakuiba saruji kama wa leo.

Bi. Wakesho hakubishana na yeyote. Alisema, "Vizuri. Kama ni imara, karibuni tukae, tuandike hivyo. Viti viko hapa mbele."

Hapo ndipo watu walipojitazama. Watu walikuwa wengi, lakini wote walikuwa wamesimama mlangoni, wamebanana kama foleni ya benki, na wengine walikuwa wakishiriki mkutano kutoka nje kupitia dirishani. Mstari wa mbele ulikuwa na mkaguzi na chupa ya chai. Mstari wa pili ulikuwa mtupu. Katika mstari wa tatu alikuwepo Mzee Muinde peke yake, kwa sababu kile kiti kilikuwa chake.

Mumbe alisogea hatua moja mbele, akaitazama nguzo, akarudi.

"Mwalimu, wewe ndiye mwenyekiti," alisema. "Kaa."

"Mimi nina mgongo," alisema Mwalimu Zephaniah. "Nikikaa siwezi kuinuka haraka."

"Na kwa nini uinuke haraka?" aliuliza Bi. Wakesho.

Tumeshiriki mikutano mingi ya wenye majengo, na tunaweza kusema kwamba ule ndio pekee ulioamuliwa na viti. Mumbe ndiye aliyekata shauri. Alisema kwamba kama yeye mwenyewe hawezi kukaa pale kwa dakika mbili, basi amekuwa akimlaza mzee wa watu chini ya tangi lake miaka hii yote, na hilo hatalifanya tena. Wengine walikubali mmoja baada ya mwingine, wakiwa bado mlangoni.

Baada ya mkutano Mwalimu Zephaniah alimfuata Bi. Wakesho kwenye gari, akamuuliza kama hakuogopa. Alimweleza kwamba siku hiyo ilikuwa Jumanne, matangi yalikuwa makavu, vyuma vilikuwa vimeshika, na kwamba katika wiki nzima hapakuwa na saa salama zaidi ya kukaa kando ya nguzo ile. Mwalimu aliuliza mbona hakuwaambia. Alijibu kwamba hawakuuliza. Walikuwa wanamweleza jinsi jengo lilivyo imara.

Matangi yalishushwa kwa kamba kabla maji hayajafunguliwa. La Mumbe lilishuka mwisho, likapangwa uani na mengine, na kwa majuma kadhaa watu wa orofa za juu walibeba mitungi ngazini na kumkumbuka Bi. Wakesho kwa maneno ambayo jarida hili haliwezi kuchapisha. Hatimaye walikubaliana kuweka tangi moja kubwa uani, juu ya mnara wake wenyewe wa chuma, la wote. Walikuwa wameapa kwamba hawataweza kushirikiana maji. Wanashirikiana. Wanagombana pia, lakini ugomvi hauna uzito juu ya paa.

Kazi ya kuiponya nguzo ilichukua muda zaidi. Nguzo dhaifu haitolewi. Hukwanguliwa hadi kwenye vyuma, ikaongezewa vyuma vipya kuizunguka, ikavishwa zege jipya juu ya lile la zamani, kama mtu anayevaa koti juu ya shati. Wakati huo wote Mzee Muinde hakuweza kuishi kwake. Mumbe alimhamishia orofa ya tatu, kwa watoto wake, akisema kwamba aliyewahukumu bila kosa na akae nao awajue.

Lakini mzee alikuwa hapati usingizi. Alikuwa ameona vitu vingi vikitoka stoo kwa muda na kutorudi kamwe, na aliamini kwamba mtu akitoka nyumbani kwake, mafundi wakaingia, maneno mengine yataingia nyuma yao. Hakuwa anaogopa nguzo tena. Alikuwa anaogopa mlango. Alimwambia Bi. Wakesho waziwazi: wangeanza na ukarabati, wangemaliza kwa kumwambia vyumba havifai kwa mtu kuishi.

Hapa Bi. Wakesho alifanya jambo ambalo halimo katika mwongozo wowote. Aliagiza kwamba ufunguo wa fleti ile usikabidhiwe mkandarasi. Ubaki mfukoni mwa Mzee Muinde. Kila asubuhi msimamizi wa mafundi alipaswa kupanda hadi orofa ya tatu, abishe hodi, asalimie, aombe afunguliwe. Mzee alishuka naye, akafungua, akatazama kilichofanywa jana, akauliza chuma hiki ni cha nini na kile ni cha nini, akakaa juu ya ndoo mpaka aeleweshwe. Mkandarasi alilalamika ofisini kwamba kazi inacheleweshwa na mtu asiye mhandisi. Bi. Wakesho alimjibu kwamba hiyo ni nyumba ya mtu, na mwenyewe ameamka.

Kazi ilikwisha. Mzee Muinde alifungua mlango wake kama alivyoufungua kila asubuhi, lakini safari hii mafundi walitoka na yeye akabaki. Bi. Wakesho alibandika kioo kipya juu ya mahali palipokuwa na ufa, akamweleza taratibu sana kwamba hiki, kikipasuka, kiachwe kikiwa kimepasuka, na kwamba serikali itafurahi zaidi kuletewa vigae vya kweli kuliko kioo kizima cha uongo. Mzee alisema ameelewa. Alisema hata hivyo litamuuma.

Jumatano ya kwanza baada ya hapo, maji yalipofunguliwa, watu wa Ghorofa za Bluu walishuka kuja kuitazama nguzo. Tangi lilikuwa uani na nguzo ilikuwa ndani, kwa hiyo hapakuwa na sababu yoyote ya nguzo kujali kama maji yamejaa. Walikuja hata hivyo. Mwalimu Zephaniah alisimama mlangoni na miwani yake. Watoto walikaa sakafuni. Maji yalisikika yakiingia tangini, yakajaa, yakaanza kumwagika, mtu akaenda kufunga. Mumbe alivuta kiti hadi ubavuni mwa nguzo, akaweka ungo magotini, akaanza kuchambua ndengu. Waliendelea kutazama. Hakuna kilichotokea. Baada ya muda walianza kuona haya kidogo, kisha njaa, wakapanda mmoja mmoja kwenda kupika. Alhamisi asubuhi Mzee Muinde, akiwa bado kitandani mwake mwenyewe, alimpigia simu Bi. Wakesho, akamwambia hana habari yoyote ya kumpa.

Bi. Wakesho, wenzako wanakushukuru. Umefanya kazi ambayo ikienda vizuri haina cha kupigwa picha. Umetufundisha kusikiliza kabla ya kuziba, kumaliza chai kabla ya kusema, na kumwachia mtu ufunguo wa mlango wake. Rudi Ronge salama, upumzike na jamaa zako. Tunakuombea afya njema na siku nyingi za namna ile: maji yaje, watu walale makwao, na kukicha pasiwe na habari.